Mama wa Sokoni Aulizwe Kwanza



Mpango wa mji si barabara na maduka tu. Muulize mama anayeuza mboga: choo cha soko kinafungika? Maji ya kutawadha yapo? Giza likiingia, njia ya kwenda stejini ina taa? Wakipanga wanaume peke yao, maswali haya husahaulika.

Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inatupa haki ya maji safi na salama na viwango vya kuridhisha vya usafi. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inalazimisha wananchi kushirikishwa kwenye mipango. Basi kaunti ikiitisha kikao cha maoni, tudai kisiwe siku ya soko. Nanyi wazee wetu, waacheni akina mama waseme wenyewe.