DENI NA MSHAHARA WETU

(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa wanachama wa tawi)



Tumeombwa kusema habari ya deni. Sisi ni watu wa gengi la reli, na hesabu tuliyo nayo ni ile ya shule ya msingi ya misheni. Lakini yatosha, kwa maana deni lataka kujumlisha na kutoa tu.

Twadai nyongeza ya mshahara, na ni haki yetu. Lakini nyongeza ya mwisho ilipokuja, wengi wetu hatukuiona hata senti, maana ilikuwa imekwisha kuliwa na deni. Tena mwenye deni huwa mwoga. Akionewa na msimamizi hunyamaza, kwa kuwa akikosa mshahara wa wiki moja ameanguka. Basi deni la mtu mmoja hudhoofisha chama kizima.

Kwa hiyo watu watano wa gengi letu tuliketi pamoja siku ya mshahara, tukaandika madeni yetu yote: ya simu, ya duka, ya karo, ya rafiki. Ilikuwa kazi ngumu kwa sababu ya aibu. Mmoja wetu alidhani anadaiwa shilingi 14,000, akakuta ni 31,000, na mkewe hakuwa na habari. Tulimwambia akamwonyeshe karatasi ile jioni hiyo hiyo. Mpango wa pesa asioujua mama wa nyumba si mpango.

Jambo la pili, tuliacha kukopa upya. Ndugu, hatung'oi reli huku treni yapita juu yake. Kwanza njia hufungwa.

Jambo la tatu, tulipima bei ya kila deni. Mkopo wa simu wa M-Shwari ulipoanza mwaka 2012 ada yake ilikuwa asilimia 7.5 kwa siku 30. Kwa ada hiyo, akopaye 5,000 hutoa 375. Akilipa na kukopa tena kila mwezi, kwa mwaka ametoa ada ya 4,500, na deni la 5,000 lingali pale pale. Lakini akikopa 5,000 katika chama cha akiba na mikopo, kwa riba ya asilimia 1 kwa mwezi juu ya deni lililobaki, akirudisha 500 kila mwezi, kwa miezi 10 riba yote ni 275, na deni limekwisha. Basi tulianza kulipa yale yenye ada kubwa.

Lakini tuangalie: mkopo wa chama hudhaminiwa na wenzetu. Tusipolipa, akiba yao ndiyo itakayokatwa. Tusiombe saini ya ndugu kwa ajili ya sherehe.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, yasema makato yote yasizidi theluthi mbili za mshahara. Kila mtu aitazame karatasi yake ya mshahara, na makato yakizidi hapo amwone katibu wa tawi. Hata hivyo theluthi ile inayobaki, simu na duka vyaweza kuimaliza kwa siku moja. Hapo hakuna mlinzi ila sisi wenyewe. Siku pesa iingiapo tugawe: kodi, chakula, nauli, karo, deni, na akiba hata kama ni 200.

Kati yetu watano, watatu wamemaliza. Mmoja amebakiza kidogo. Wa tano alirudi kukopa kwa simu. Hatukumcheka, tumeketi naye tena na karatasi mpya.

Wazee walisema, kukopa harusi, kulipa matanga. Asiye na deni husimama wima mbele ya tajiri na kudai haki yake. Chama chataka watu wa namna hiyo.