Mkamba Usioainishwa: Msimbo wa J40 Kwenye Fomu Yako Una Maana Gani?

(Mazungumzo na wananchi wa Ikola, Wilaya ya Tanganyika, Mkoa wa Katavi)

 

Nimekuja kuzungumza nanyi juu ya jambo dogo linaloandikwa kwenye fomu ya matibabu, ambalo wengi hulitilia saini bila kuliuliza. Jambo hilo ni msimbo wa ugonjwa, yaani herufi na tarakimu chache zinazosimama badala ya jina la maradhi. Nitachukua mfano mmoja, J40, kwa kuwa kikohozi si kigeni katika mwambao huu wa Ziwa Tanganyika, hasa kwa wanaoshinda karibu na moshi wa kuni na wa kukaushia samaki.

Misimbo hii haikutungwa na hospitali wala na kampuni ya bima. Chimbuko lake ni orodha ya sababu za vifo ambayo mtakwimu Mfaransa, Jacques Bertillon, aliiwasilisha Chicago mwaka 1893. Leo orodha hiyo husimamiwa na Shirika la Afya Duniani. Toleo la 10, lenye msimbo wa J40, liliidhinishwa mwaka 1990. Toleo la 11 lilianza kutumika rasmi Januari 2022. Shabaha ni kwamba daktari wa Mpanda, wa Kigoma na wa Dar es Salaam wasome alama moja na kuelewa ugonjwa ule ule.

Mkamba ni uvimbe wa njia zinazopeleka hewa mapafuni. Orodha imeugawa katika mafungu. J20 ni mkamba wa ghafla, ambao kwa kawaida huisha ndani ya wiki tatu. J41 na J42 ni mkamba sugu: kikohozi chenye makohozi kwa muda usiopungua miezi mitatu katika mwaka, kwa miaka miwili mfululizo. J40 ni mkamba ambao haukuelezwa kuwa wa ghafla au sugu. Kwa mtoto aliye chini ya miaka 15, kanuni za toleo la 10 zinaelekeza kuwa mkamba wa namna hiyo uhesabiwe wa ghafla, na uandikwe J20.

Je, kuandikiwa J40 ni kosa? Siku ya kwanza, la. Mganga ambaye hajajua bado, akiandika kuwa hajajua, ametenda haki. Hatari huanza pale msimbo huo unaporudiwa mara ya pili, ya tatu na ya nne, na dawa ikiwa ni ile ile. Mkamba wa ghafla mara nyingi huletwa na virusi, na antibiotiki haziui virusi. Kikohozi kinachofikisha wiki mbili kinapaswa kuchunguzwa kifua kikuu, ambacho vipimo na dawa zake hutolewa bila malipo katika vituo vya umma. Pumu nayo ina msimbo wake, J45, na ina tiba yake. Mwenye mojawapo ya maradhi hayo akiachwa chini ya J40, hununua dawa isiyo yake, na ugonjwa hupata nafasi ya kukua.

Upo pia upande wa malipo. Mlipaji, uwe Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya au kampuni binafsi, hutazama kama vipimo na dawa zinazodaiwa zinalingana na ugonjwa ulioandikwa. Zisipolingana, madai yanaweza kurudishwa. Aidha, aliyeandikwa kuwa na ugonjwa sugu ilhali hanao anaweza kukutana na masharti magumu anapoomba bima binafsi.

Kwa hiyo nawashauri mambo manne.

Kwanza, kabla ya kuweka saini au alama ya kidole, uliza: "Nimeandikiwa ugonjwa gani, na ni wa ghafla au sugu?"

Pili, mweleze mganga kikohozi kilianza lini, kama kina makohozi au damu, kama unavuta sigara, na kama kazi yako ni ya moshi. Bila maelezo yako, hawezi kuainisha.

Tatu, tunza karatasi za kila ziara. Ukiona J40 imerudiwa na hujapona, omba uchunguzi zaidi.

Nne, kamwe usimwombe mtoa huduma abadilishe msimbo ili bima ilipe. Huo ni udanganyifu, na unaacha uongo katika kumbukumbu ambazo daktari mwingine atazitegemea kukutibu.

Kama kumbukumbu zako zina kosa, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakupa haki ya kuzifikia na kuomba zisahihishwe. Anza kwa uongozi wa kituo, kisha mlipaji wako. Mgogoro na kampuni binafsi ya bima usipomalizika hapo, unaweza kuufikisha kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.

Ndugu zangu, siku utakapopelekwa Mpanda ukiwa huwezi kusema, karatasi ndiyo itakayokusemea. Hakikisha inasema kweli. Kuuliza si ujinga.