Mtoto akibadilika, tumpeleke wapi?

(Maneno tuliyotoa kwenye mkutano wa memba, Baraka)



Tuanze na kosa letu. Mwaka jana memba mmoja, aliyerudi toka kambi ya Nyarugusu na watoto wane, alituletea kijana wake wa miaka 9. Mtoto alikuwa ameacha kusema. Usiku anaamka analia, anakojoa kitandani, na shuleni anakaa nyuma peke yake. Sisi watu wa diplome tukajibu mbio mbio: "Mama, umpeleke muji mukubwa." Aliuzisha mbuzi wawili. Akafika kule bila karatasi ya transferi, mtoto akaonwa mara moja, wakamwambia arudi kisha mwezi. Arudi na nini? Mbuzi zimekwisha.

Basi majirani wakamupeleka mu chumba cha maombi, siku tatu bila chakula. Hatusemi maombi ni mabaya, sisi wenyewe tunasali. Lakini mtoto asifungwe kamba, asinyimwe chakula, na mwenye kifafa asiachishwe dawa yake, maana kuikata ghafla kunaweza kumuletea mashituko mabaya zaidi.

Tuliporudi kwa ule mama, tulianzia pahali tulipaswa kuanzia: kituo cha afya cha karibu, kwa titulere. Kwa nini pale? Kwa sababu mtoto akibadilika inaweza kuwa malaria imepanda kichwani, inaweza kuwa kifafa, inaweza hata kuwa masikio hayasikie vizuri. Hayo yapimwe kwanza. Tangu 2008 OMS iko na programu inaitwa mhGAP, ya kufundisha waganga wa kawaida kutunza magonjwa ya akili. Muulize titulere wenu kama alifundishwa. Si aibu kuuliza. Akisema hapana, aandike transferi kwenda hospitali jenerali, na kama kweli inafaa, kule Bukavu kuna SOSAME ya Frères de la Charité. Safari ya mbali ije mwisho, na karatasi mukononi.

Na namna gani tutajua huduma ni nzuri? Sisi tunaangalia hivi: wanamuuliza mzazi maisha ya nyumbani, wanampa mtoto nafasi ya kucheza ao kuchora, hawamugombeze, na wanatoa siku ya kurudi. Mtu anayetoa vidonge vya usingizi mu dakika tano, bila kuuliza mtoto aliona nini, tunaondoka kwake.

Ule kijana sasa anaonana kila juma na mama APS wa kituo, anaenda kwa miguu. Ilichukua majuma sita ndipo aliposema kitu: wenzake wanamucheka Kiswahili chake cha Tanzania, wanamwita mgeni. Mwenye kuzaliwa kambini, anaitwa mgeni mu kijiji cha babu yake! Mwalimu tulimuona. Anasema pole pole, zaidi na mdogo wake.

Wafadhili wetu, semina tumepata nyingi, asanteni. Kinachokosa ni pesa ya njia kwa safari ya pili na ya tatu, kwa wale wanaokaa mbali na kituo. Hapo ndipo watoto wanapotea.

Mwenye mtoto wa namna hii atuone kisha mkutano, kule chini ya mwembe. Tutaongea pembeni, si mbele ya watu.