Mwalimu Nyerere na Shule ya Kwamsisi



Anayesimulia maisha ya Mwalimu Julius Nyerere huanzia Butiama, alikozaliwa tarehe 13 Aprili 1922, akapitia Tabora, Makerere na Edinburgh, akafika Ikulu. Mimi naomba nianzie hapa Kwamsisi tulipokaa, ila kwanza nitoe mfano wa mbali.

Thomas Jefferson, rais wa 3 wa Marekani, alijiandikia mwenyewe maneno ya kaburi lake. Alitaja Azimio la Uhuru, sheria ya uhuru wa dini ya Virginia, na chuo kikuu alichokianzisha. Urais hakuutaja. Nyerere naye aliacha kufundisha shule ya Pugu mwaka 1955 ili akiongoze chama cha TANU, lakini jina la kazi aliyoiacha, Mwalimu, ndilo lililomfuata hadi alipofariki London tarehe 14 Oktoba 1999. Hapo wanafanana, kisha wanaachana. Jefferson alimiliki watumwa zaidi ya 600 katika maisha yake, na chuo chake kilikuwa cha vijana wa kizungu tu. Swali la Nyerere lilikuwa: shule ni ya nani?

Jibu alilitoa Machi 1967 katika Elimu ya Kujitegemea, mwezi mmoja tu baada ya Azimio la Arusha. Alikataa shule ya msingi iwe chekecheke la kuwapata wachache wa sekondari, na wengine wote warudi nyumbani wakijiona wameshindwa maisha. Alitaka elimu ya msingi ijitosheleze, na shule iwe sehemu ya kijiji, yenye shamba lake.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 fikra hiyo ikaletwa Kwamsisi, kijiji cha ujamaa, kwa msaada wa Chuo cha Ualimu Korogwe. Shule na kijiji viliunganishwa: kazi za kijiji ziingie katika masomo, na masomo yatoke nje ya kuta za darasa. Mzigua aliyejua kusoma mvua na udongo wa Handeni alikuwa na la kumfundisha mtoto, hata kama hakuwahi kushika chaki. Kwangu mimi hilo ndilo jambo la heshima kubwa kuliko sanamu yoyote ya Mwalimu.

Lakini tuseme kweli yote. Ujamaa Vijijini, waraka wake wa Septemba 1967, ulitaka watu washawishiwe. Mwaka 1973 kuhamia vijijini kukawa amri. Mwalimu aliyeamini hoja akatumia nguvu, na wapo waliobomolewa nyumba zao. Shuleni nako, sehemu nyingi nchini jembe liligeuka adhabu ya mchelewaji. Azimio la Musoma la 1974 lilipoharakisha elimu kwa wote hadi 1977, watoto walifurika kuliko walimu. Na mzazi, hata yule aliyeimba kujitegemea, bado alisubiri matokeo ya darasa la saba. Simlaumu, mtihani ndio ulioshika mlango.

Waliokuwa watoto katika shule ya Kwamsisi wakati ule sasa ni watu wazima wa miaka sitini na zaidi. Katika kazi ya vikundi mchana huu, naomba kila kundi liketi na mmoja wao, liandike alichojifunza shambani na alichojifunza darasani, na kipi kati ya hivyo amemfundisha mjukuu wake.