Kwa Nini Miti Mingine Huwa Adimu

Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama wa Mbulu na Hanang



Jambo nililopewa kulieleza ni miti ya misitu yetu: kwa nini nchi za joto zina aina nyingi za miti kupita nchi za baridi, na kwa nini katika aina hizo nyingi, zilizo nyingi zaidi huwa adimu. Huenda mtu akauliza, Je, jambo hili lamhusu nini karani wa masjala, mwalimu, au mganga wa zahanati? Namwomba avumilie kidogo. Nia yangu ni kuonyesha kwamba habari za msitu, kabla hazijawafikia wakubwa, hupita kwanza mikononi mwetu sisi tuandikao hesabu.

Na tuanze na yale tuyaonayo kwa macho yetu wenyewe. Mtu atokaye bonde la Yaeda Chini, upande wa Ziwa Eyasi, huanza safari yake katika nchi kavu ya mibuyu na migunga, ambako Wahadzabe huokota ubuyu na kurina asali. Akipanda hata mji wa Mbulu, hewa huwa ya baridi. Akiendelea kusini mashariki hata msitu wa Nou, ulio juu ya ukingo wa Bonde la Ufa, hukuta ukungu na miti ya namna nyingine kabisa. Kisha aukabilipo Mlima Hanang, uliosimama peke yake kwa kimo cha zaidi ya mita 3,400, huona chini nchi kavu, katikati mkanda wa msitu, na juu vichaka vifupi na majani yavumiliayo baridi. Tena upande wa mlima upokeao pepo za mvua huwa na rutuba kuliko upande wa pili. Hii ndiyo sababu ya kwanza, wala haina ubishi: mvua, kimo, joto na udongo huchagua mti upi uishi wapi.

Walakini sababu hiyo haitoshi. Yatueleza kwa nini mbuyu hauoti Nou. Haituelezi kwa nini katika hekta moja ya msitu, yenye udongo mmoja na mvua moja, huonekana miti ya aina nyingi iliyochanganyikana. Katika kisiwa cha Barro Colorado, nchi ya Panama, wataalamu wamekuwa wakihesabu miti ya kipande kimoja cha hekta 50 tangu mwanzo wa miaka ya 1980, hata vijiti vyenye unene wa sentimita moja. Walipata mashina zaidi ya 200,000, ya aina zipatazo 300. Nchi nzima ya Uingereza haina aina mia moja za miti ya asili yake. Basi kuna nini katika nchi za joto?

Jibu moja lilitolewa na wataalamu wawili, kila mmoja kwa njia yake: Daniel Janzen mwaka 1970, na Joseph Connell mwaka 1971. Walisema hivi. Mbegu nyingi huanguka chini ya mti mama, na hapo hapo ndipo wanapokaa adui zake: wadudu walao mbegu za aina ile, na kuvu iozeshayo miche ya aina ile. Miche iliyosongamana chini ya mama hufa. Mbegu iliyochukuliwa mbali na ndege, au tumbili, au tembo, huwaponyoka adui hao, ikaota. Kwa hiyo mti mmoja hauwezi kuijaza nchi kwa wana wake, kwa maana penye wengi wa ukoo mmoja, maradhi ya ukoo ule huzidi. Nafasi inayobaki huchukuliwa na mgeni wa aina nyingine. Hivyo adui wa kila mti ndiye mlinzi wa miti mingine. Mwaka 2010 utafiti uliofanywa katika kisiwa kile kile cha Panama ulionyesha kwamba miche ya aina zilizo adimu huumizwa na majirani wa aina yake kuliko miche ya aina zilizo nyingi. Yaani aina nyingine ni adimu kwa kuwa hazivumilii kukaa na ndugu zao.

Jibu la pili ni bahati. Stephen Hubbell, mmoja wa walioanzisha hesabu ile ya Panama, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 2001 kwamba yawezekana sehemu kubwa ya mambo haya huenda kama kura. Mti mkubwa ukianguka, pengo hufunguka, na mche uliopo karibu huliziba. Aina yenye mashina elfu haidhuriki kwa kura mbaya moja. Aina yenye mashina matano yaweza kutoweka bila ya kosa lolote. Wenye elimu hawajaacha kubishana juu ya kiasi gani ni kura na kiasi gani ni sheria, lakini wote hukubali kwamba walio wachache huishi karibu na shimo.

Sisi wa Hanang twajua vema jinsi ajali inavyoweza kufika kwa saa moja. Tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, sehemu ya mlima yenye miamba dhaifu ilinyonya maji ikameguka, na tope likashuka juu ya Katesh na vijiji vya jirani. Watu zaidi ya 80 walipoteza maisha. Nautaja msiba huo kwa heshima, wala sitaki kuulinganisha uhai wa mtu na mti. Nasema tu kwamba korongo moja likifagiliwa, mti uliosimama katika korongo lile peke yake hauna akiba mahali pengine.

Sababu ya tatu ni umri na historia ya nchi. Misitu ya Afrika, ikipimwa na ile ya Marekani ya Kusini au ya Asia ya Kusini Mashariki, ina aina chache zaidi, na wengi hufikiri kuwa ni kwa ajili ya nyakati za ukavu zilizolipiga bara letu zamani sana, wakati barafu ilipoenea katika nchi za kaskazini. Milima ya Usambara, Uluguru na Udzungwa ni ya kale mno, nayo iliendelea kupata unyevu wa Bahari ya Hindi. Ndiyo maana ina miti isiyopatikana mahali pengine duniani. Hanang si mlima wa namna hiyo. Ni mlima wa moto, kijana kwa hesabu ya milima, na mfano wa kisiwa katikati ya mbuga. Miti yake ya msitu ilifika kama wageni, mbegu kwa mbegu, kwa upepo na kwa matumbo ya ndege.

Mtu aweza kusema, Basi tusihangaike. Ikiwa miti ya Hanang yapatikana na penginepo, hasara iko wapi? Namjibu kwamba mgeni aliyefika kwa njia ndefu hawezi kurudi njia ikikatwa. Tangu miaka ya 1970 mbuga za Basotu ziligeuzwa kuwa mashamba makubwa ya ngano, na mahali pengine pengi jembe limefika hata mguuni mwa mlima. Kisiwa kimezidi kuwa kisiwa. Mambo yafuatayo kukatwa kwa njia yamepimwa kwetu hapa Tanzania. Mwaka 2003 Norbert Cordeiro na Henry Howe walitoa habari za mti mmoja wa Usambara Mashariki, uitwao Leptonychia usambarensis, ambao mbegu zake huchukuliwa na ndege. Katika vipande vidogo vya msitu ndege hao walikuwa wachache, mbegu chache zilichukuliwa, na miche ilipungua. Wahenga walisema kwamba mti mkuu ukianguka, wana wa ndege huyumba. Nasi twaona ya kuwa ndege wakitoweka, mti nao huyumba, ila huyumba polepole, hata mtu apitaye asitambue.

Sasa natoa hesabu moja ya dunia nzima. Mwaka 2024 kundi kubwa la wataalamu lilitoa makisio kwamba misitu ya nchi za joto ina miti ipatayo bilioni 800 yenye unene wa zaidi ya sentimita 10. Nusu ya miti hiyo ni ya aina 1,053 tu. Nusu ya pili ni ya aina zipatazo 46,000. Na katika hizo, aina zipatazo 39,500 zikiwekwa pamoja ni sehemu ndogo tu ya miti yote. Na hali hii ilionekana karibu sawa katika Afrika, Asia na Amerika. Basi uadimu si kasoro ya msitu; ndiyo hali yake ya kawaida. Aina nyingi za miti ni kama maneno ya kamusi yasiyotumiwa kila siku: ukifuta sehemu ndogo ya msitu bila kuangalia, waweza kufuta sehemu kubwa ya kamusi.

Hapa ndipo kazi yetu inapoingia. Serikali iliagiza kila halmashauri ya wilaya ipande miti 1,500,000 kila mwaka, na agizo hilo ni jema. Sitaudharau mkaratusi wala msindano. Nguzo zake zimejenga nyumba zetu, na kuni zake zimeupunguzia msitu wa asili shoka nyingi. Lakini fikirini karani mwenye jedwali lenye safu moja, Idadi ya Miti. Zikikatwa shina 1,000 za msitu, za aina hamsini, na kupandwa mikaratusi 1,000, karani huyo atatoa 1,000, atajumlisha 1,000, atapiga mstari na kutia sahihi. Hesabu ni sawa, na msitu haupo. Wala hakusema uongo; aliulizwa swali moja, akalijibu.

Tena tutenge uadimu wa namna mbili. Mti ulio adimu kwa asili yake, ukitawanyika katika msitu mpana, waweza kudumu maelfu ya miaka. Mti uliofanywa adimu na shoka au na biashara ni habari nyingine. Prunus africana, mti wa milima ya Afrika ambao magome yake hutengenezwa dawa ya maradhi ya tezi la wanaume, ulitafutwa hata biashara yake ikatiwa chini ya mkataba wa mataifa mwaka 1995. Na uko mti wa pwani uitwao Karomia gigas, uliodhaniwa umekwisha, hata wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walipouona tena karibu na Kilwa mwaka 2011, mashina machache mno. Hakuna jedwali la idadi lililoweza kumwonya mtu juu yake.

Basi naleta maombi matatu. La kwanza, kila tuandikapo miti iliyokatwa au iliyopandwa, tuandike na aina. Ikiwa jina la Kiswahili halijulikani, tuandike la Kiiraqw, la Kidatoga au la Kihadza. Wazee wanayajua, na wenye elimu ya mimea watayafasiri. La pili, kitalu cha kijiji kikitafuta mbegu za miti ya asili, zitoke kwa mama wengi waliosimama mbalimbali, na mama hao waachwe hai. La tatu, miti ya kandokando ya vijito isifyekwe, kwa kuwa ndiyo barabara ya ndege wabebao mbegu toka msitu hata msitu.

Wala tusidhani kazi hii ni ya Wakala wa Misitu peke yake. Jirani zetu wa Duru-Haitemba, katika Babati, walishika ulinzi wa msitu wao kwa vijiji katika miaka ya 1990, wakaweka sheria zao na walinzi wao, na msitu uliokuwa ukiliwa ukaanza kupona. Waliweza kwa kuwa waliujua msitu wao kwa majina.

Mabibi na Mabwana, mti adimu hauna sauti barazani. Ukiwa na mstari wake katika daftari, yuko atakayeuliza siku utakapokosekana. Kalamu ya mstari huo tunayo sisi.