Umeiua Wapi?

Ndugu wanakisomo, tukisikia redioni kwamba mti fulani unaua saratani, tuulize: umeiua wapi? Mara nyingi ni ndani ya chupa. Wataalamu hukuza chembe hai za saratani chupani, kisha huzitilia maji ya mti huo. Zikifa, ni mwanzo mzuri. Lakini hata sabuni inaziua. Nani atakunywa sabuni?

Mnalijua lile ua dogo, jeupe au la waridi, tunalolipanda mbele ya nyumba. Asili yake ni Madagaska. Huko Jamaika watu walichemsha majani yake kutibu kisukari. Wataalamu wa Kanada, Robert Noble na Charles Beer, wakawapa panya. Sukari haikushuka! Zilizopungua ni chembe nyeupe za damu. Ndipo wakafikiria saratani ya damu. Mwaka 1958 walipata dawa humo, vinblastini. Baadaye ikapatikana nduguye, vinkristini, ambayo hadi leo inawatibu watoto wenye saratani ya damu, na ule uvimbe wa taya.

Sasa mtu asikimbilie kuchuma. Majani yale yana sumu, na dawa iliyomo ni kidogo mno: gramu moja hutaka mamia ya kilo za majani makavu. Sufuria yako itapima nini? Hospitali huipima kwa miligramu, huichoma kwenye mshipa, na damu ya mgonjwa huchunguzwa.

Basi mwenye uvimbe usioisha aende hospitali mapema. Kama anakunywa dawa ya miti, amwambie daktari ni mti gani, maana mingine hugongana na dawa za hospitali.