Mtoto wa Nani Huyu, Usiku Huu?

Somo letu ni kitabu cha Mwanzo, sura ya 4, pale Mungu alipomwuliza Kaini habari za ndugu yake.

Jua likishatua, ukivuka mto Mwachema tu kutoka kwetu Tiwi, waziona taa za Diani. Mahoteli yamewaka, baa zimejaa, na disko halizimwi mpaka usiku wa manane. Vijana wetu wengi wako huko. Mmoja ni mpishi, mwingine mhudumu, mwingine askari wa lango, mwingine hupiga ngoma mbele ya wageni. Hao wanakula jasho lao, na karo za watoto wengi hulipwa kwa kazi hiyo ya usiku. Hatuwahukumu. Danieli naye alitumika katika nyumba ya mfalme asiyemcha Mungu, na moyo wake ukabaki safi.

Lakini yuko na mwingine aendaye huko: msichana wa shule, aliyevaa viatu vya kuazima. Mwaka 2006 serikali yetu pamoja na UNICEF walitoa ripoti juu ya pwani hii, Diani ikiwamo. Walikadiria kwamba wasichana kati ya 10,000 na 15,000 walikuwa wakiuza miili yao mara moja moja. Wengi wakisikia hivyo husema upesi, "Ni wazungu hao." Wapendwa, ripoti ile ile ilionyesha kwamba Wakenya wenyewe walikuwa karibu 4 katika kila wateja 10, kuliko watu wa taifa jingine lolote. Mgeni hupanda ndege akarudi kwao. Huyu wa kwetu twamwamkia kila asubuhi.

Kaini alimjibu Mungu kwa swali, kana kwamba kumlinda nduguye si kazi yake. Hivyo ndivyo ajibuvyo mama apokeaye unga jioni asiulize fedha zimetoka wapi. Ndivyo ajibuvyo mzee amjuaye mwanamume yule, akanyamaza kwa kuwa ni jirani mwenye gari. Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006 humhesabu aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto, hata akisema amekubali.

Basi wiki hii tufanye mambo matatu. Tujue watoto wetu wako wapi saa tatu ya usiku. Tukimwona mtoto mlangoni pa disko, tupige 116, simu ya bure ya kuwasaidia watoto, hata kama mkosaji ni mtu wetu. Na msichana yule akirudi kanisani, asinyoshewe vidole. Apate nafasi kwenye benchi, na mama mmoja wa kuketi naye.

Na tuombe. Ee Bwana, uwalinde wafanyao kazi usiku. Uwarudishe nyumbani watoto wetu. Nawe utakapotuuliza habari zao, utujalie kuwa na jibu. Amina.